Mkata Filamu Hana Jina

Tulimwacha Tabia na filamu mdomoni.

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asidhani binti huyu alikuwa na njaa. Wakata filamu wote hufanya hivyo. Huibana filamu baina ya midomo, na upande unaonata midomoni ndio upande wa dawa, wenye picha, ndio unaokwanguliwa kwa wembe kabla ya kutiwa gundi. Tabia alifundishwa hayo na baba yake, Mzee Jaku, fundi wa mashine katika Sinema ya Mwangaza. Tangu mzee aingiwe na mtoto wa jicho, filamu zote za sinema ile huungwa na Tabia. Mwaka wa nne huu, kazi ni yake na jina ni la baba.

Ndiyo maana Jumamosi ile asubuhi alikuwa Vuga, ndani ya Jumba la Picha panapotengenezwa filamu, kwenye intavyuu ya tatu ya kutafutwa mkata filamu. Alikuwa akitaka kitu kimoja tu, kazi iliyoandikwa jina lake mwenyewe.

Na filamu aliyopewa, aliyoambiwa aunge vipande vipya mwishoni mwake, ilikuwa na kiungo alichokiunga yeye mwenyewe.

Hakukosea. Mafundi wengine huunga wakaziacha kona za filamu zimechomoza. Mzee Jaku alimfundisha kuzikata kona zote nne kwa ncha ya wembe ili zisikwame ndani ya mashine, na Unguja nzima hapana mwengine mwenye mtindo huo. Tabia akainyoosha filamu kwenye mwanga wa dirisha. Wanawake wamebeba mawe vichwani, halafu ukuta, halafu paa la nyumba mpya. Picha zile alizikata yeye wiki mbili nyuma, siku ya intavyuu ya kwanza, akaambiwa kwamba filamu ya mtihani hutupwa.

"Unatazama nini?"

Bwana Kificho alikuwa amesimama nyuma yake. Huyu ndiye mkuu wa Jumba la Picha. Alikaa ng'ambo miaka miwili kwa kusomea filamu, na tangu arudi hakuna aliyewahi kumwona ameshika wembe. Alichoshika sana ni tambuu, lile jani la kutafuna pamoja na chokaa na popoo. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vyekundu mpaka ndani ya kucha. Chini ya meza aliweka kopo la maziwa la kutemea, na kila akimaliza maneno mawili matatu aliinama akatema, mara nyengine akalikosa kopo.

Tabia akamuuliza kwa adabu, zile filamu za mtihani wa kwanza zilikwenda wapi.

"Jaani," akasema Kificho, akatema. "Taka hupelekwa jaani, nambari tano. Wewe kata, usiulize."

Nambari tano ndiye Tabia. Waombaji walikuwa saba, na tangu siku ya kwanza hapana hata mmoja aliyeitwa kwa jina lake. Kificho akatoka kwenda kunywa chai. Tabia akabaki anaitazama sakafu yenye madoa mekundu, mengine mabichi. Tambuu angeivumilia, kwani bibi yake mwenyewe akila. Ule uongo uliotemwa pamoja nayo ndio uliomtia kinyaa.

Akaweka wembe chini, akafungua mlango wa chumba cha pili.

Humo alikuwamo nambari mbili, Shaame Bakar wa Uroa, ambaye zamani alifanya kazi kwenye gari la sinema lililokuwa likizunguka mashamba. Naye alikuwa amekuja mara tatu, kila mara kwa gari la shamba la alfajiri, na kila mara akaambiwa arudi wiki ijayo. Tabia alimuuliza alipewa picha gani. Shaame hakuficha kitu. Siku ya kwanza alipewa watu wanachimba msingi, siku ya pili wanachanganya saruji, na leo ngoma ya kufungua nyumba. Alikuwa mtu wa kupenda mazungumzo, kwa hivyo alishawauliza na wenzake wote uani. Mmoja alipewa magari ya mchanga, mwengine mafundi wa rangi, mwengine familia zinahamia na magodoro yao.

Tabia akavipanga vipande vile kichwani kwa mfuatano. Msingi, mchanga, saruji, mawe, ukuta, paa, rangi, magodoro, ngoma. Ilikuwa ni filamu nzima ya nyumba mpya, ile ile iliyotangazwa kwamba itaonyeshwa Mwangaza wiki inayokuja, Jumatano zanana, yaani wanawake peke yao, na Ijumaa wanaume. Mji mzima ulishaambiwa kwamba aliyeikata ni Bwana Kificho, na mji mzima ulishampongeza.

"Labda wanatupima uvumilivu," akasema Shaame.

"Wanatupima ujinga," akasema Tabia, "na mpaka leo sote tumepasi."

Shaame akakaa chini. Alikuwa ameshaiuza baiskeli yake, akijua kazi atapata na atahamia mjini.

Tabia hakungoja chai imalizike. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Kificho, akaiweka filamu mezani na kumwonyesha kiungo chenye kona zilizokatwa. Akamwambia kwamba hii si taka, na kwamba anajua vipande vingine vyote vimekatwa na nani.

Msomaji wangu, mtu mwenye haya angekana. Angeapa, angetafuta wa kumsingizia. Kificho alicheka, meno yake mekundu yakaonekana yote, akavuta mtoto wa meza akatoa barua iliyokwisha kupigwa taipu.

"Hongera," akasema. "Kazi umepata."

Moyo wa Tabia uliruka, na mpaka leo anaona aibu kwamba uliruka. Akaisoma barua. Cheo kilikuwa mhudumu wa chumba cha filamu. Kazi zenyewe ni kufagia, kupika chai na kazi nyengine zozote atakazoagizwa na mkuu.

"Hizo kazi nyengine ndiko kukata," Kificho akaeleza. "Utakata wewe, jina litakuwa langu. Mbona si jambo geni kwako? Miaka minne unakata kwa jina la baba'ko. Tofauti iko wapi?"

"Nani kakwambia habari za baba'angu?"

"Wewe. Siku ya kwanza tulikuuliza umejifunzia wapi, ukatueleza kila kitu, mpaka macho yake."

Ni kweli. Tabia alikumbuka alivyokaa mbele ya meza ile, mikono mapajani, akijibu kila swali kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu wake. Alikumbuka Kificho alivyotikisa kichwa kwa huruma na kuandika. Kumbe alikuwa akisokota kamba ya kumfungia.

Kificho akamalizia bila ya kupandisha sauti. Jumatano baada ya zanana anataka barua ile imetiwa saini. La sivyo, Alkhamisi meneja wa Mwangaza atapata barua ya kumjulisha kwamba fundi wake wa mashine haoni. Akamsogezea kalamu. Ilikuwa imeroa, na pale alipoishika pamebaki alama ya vidole vyekundu.

Tabia aliitazama kalamu ile kama mtu aliyewekewa mende kwenye sahani. Akajibu kwamba saini ataizungumza Jumatano. Sehemu ya mwisho ya filamu ataimalizia kwao Kikwajuni, kwenye mashine ya kuungia ya baba yake, maana ya hapa imelegea. Kificho alikubali, kwa sababu hakuwa na mtu mwengine wa kumalizia, na yeye mwenyewe hata kuijua mashine imelegea hakujua. Akampa mkebe wa filamu, akampa na filamu nyeusi ya kuweka mwishoni. Halafu akatoa kipande kifupi alichokihifadhi kwenye bahasha yake peke yake. Kilikuwa na maandishi: Imekatwa na Kificho Machano.

"Hiki mwisho kabisa," akasema. "Kiungwe vizuri. Mke wangu atakuja na wenziwe."

Akainama, akatema.

Jumapili baada ya adhuhuri, nyumbani Kikwajuni, Tabia aliwaeleza wazee wake kila kitu. Mzee Jaku alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta. Mama yake, Bi Kazija, alikuwa karibu na mlango anashona kofia, kwa kuwa hapo ndipo penye mwanga. Tabia alikwisha kujua baba atasema nini. Atasema tia saini, mwanangu, tusije tukakosa vyote.

Mzee Jaku hakuyasema hayo. Alinyoosha mkono akaomba filamu, akaipitisha vidoleni polepole mpaka akakifikia kiungo. Akazipapasa kona zote nne.

"Umezikata," akasema.

"Nimezikata, baba."

Mzee akakishikilia kiungo kile kwa kidole gumba.

"Mie nilikuazima jina langu, kwa kuwa mle ndani hawakutaka jina la mwanamke. Nikakosea, nikaliacha miaka minne. Lakini huyu haazimi mtu. Huyu anachukua." Akamrudishia filamu. "Kesho n'takwenda kwa meneja mwenyewe, n'tamwambia macho yangu yamekwisha. Asibaki na kitu cha kukutishia."

"Na kazi yako je, baba?"

"Kazi ni yako toka zamani. Mie nlikuwa naikalia tu."

Hapo akadakia Bi Kazija, ambaye muda wote ule hakunyanyua uso wake kwenye kofia. Aliuliza, hiyo filamu nyeusi, mtu akiikwangua kunatokea nini.

Tabia akamwambia kwamba panapokwanguliwa weusi hutoka na mwanga hupita. Ukikwangua mstari, kwenye pazia la sinema utaonekana mstari mweupe.

"Na ukikwangua jina?"

Jina halitoshi kuandikwa mara moja, Tabia akamfahamisha. Sekunde moja tu hupita picha ishirini na nne. Jina likitaka kusomeka kwa sekunde mbili, liandikwe mara arubaini na nane, kila mara pale pale, kwa ukubwa ule ule, na picha yenyewe ni ndogo, imezidi kidogo tu ukucha wa kidole gumba. Kwa watu saba, hiyo ni mara mia tatu na thelathini na sita. Hapana mkono wa binaadamu wa kufanya hayo kwa siku moja.

Bi Kazija aliinyanyua kofia yake kwenye mwanga. Ilikuwa kofia ya vitobwe, yaani vijitundu vinavyozungushiwa uzi, upande wa sikio moja tu una vitobwe zaidi ya mia tano, na hakuna kimoja kilichompita mwenziwe.

"Niitie Bi Tatu na wenziwe," akasema. "Waambie waje na sindano zao."

Wakaja wanawake watano, washona kofia wote, wakakaa uani wameizunguka filamu iliyonyooshwa juu ya mkeka. Tabia aliwaandikia majina saba kwenye karatasi, yote Shaame alikwisha kumpa. Bi Kazija akisoma msahafu tangu utoto wake, lakini herufi hizi za skuli hakuwahi kufundishwa. Aliyachukua majina kama anavyochukua ua la kofia, akaangalia wapi linapanda na wapi linajikunja. Mshona kofia hujaribu ua jipya kwenye kitambaa cha pembeni kwanza. Naye akakata kipande cha filamu nyeusi, akajaribia jina moja tu, la mwanawe, mara arubaini na nane, la kwanza limepinda na la mwisho limenyooka. Hapo tena ndipo wote sita wakaingia kwenye filamu yenyewe.

Kilichosikika uani ni sindano zikikwangua, na mara moja moja Bi Tatu akimlaani Kificho na tambuu yake. Kabla ya magharibi majina yote saba yalikuwa yamekwisha.

Tabia aliunga mwisho wa filamu, akakata kona. Kile kipande cha kujaribia, chenye jina lake peke yake, alikifunga kwenye pindo la kanga yake, maana lilikuwa jina lake la kwanza kuandikwa na mama yake. Na kipande cha Kificho je? Akakirudisha mkebeni kama alivyopewa. Kitu cha watu ni amana, na Tabia hakulelewa kukaa na amana ya mtu, hata mtu mwenyewe awe mchafu kiasi gani.

Hapo ndipo alipojiponza.

Jumatatu asubuhi aliupeleka mkebe Vuga. Kificho akamuuliza kama jina limewekwa, akajibu limewekwa, na lilikuwa jibu la kweli. Kificho hakuufungua mkebe mbele yake. Akauweka chini ya meza, karibu na kopo lake.

Siku ile ile Mzee Jaku alishikwa mkono na Bi Kazija mpaka Mwangaza, akamwambia meneja kwamba haoni. Meneja alimwagizia kahawa, akamwambia kwamba amechelewa kumpa habari hiyo kwa miaka mitatu na nusu. Filamu zilikuwa zikikatika kila siku, ghafla zikaacha kukatika, na yeye si mtoto. Alinyamaza kwa sababu anayenyamaza haulizwi. Sasa ameambiwa, itambidi aulize wakubwa wake kama mwanamke anaweza kuandikwa fundi. Mpaka apate jibu Tabia aendelee na zanana tu, kwa kuwa siku ya zanana chumba cha mashine hakiwezi kukaa mwanamme.

Basi barua ya Kificho ikawa haina sumu tena. Lakini Tabia naye akawa hana hakika ya kitu chochote, ila filamu ile na majina yale saba.

Jumatano saa tisa Mwangaza ilijaa. Toka mlangoni ni mabuibui na udi na vicheko. Mstari wa mbele alikaa Bi Mwanamkasi, mke wa Kificho, na wageni wake wanane, amevaa bangili zote alizonazo. Tabia aliwaona kupitia kidirisha cha chumba cha mashine. Aliona pia, mstari wa nyuma kabisa karibu na mlango, mwanamke mmoja mnene amejifunika uso na kukaa peke yake. Mwenye kukata tiketi alimwamkia na hakujibiwa. Tabia alidhani ni mgeni wa shamba anayeona haya, akaendelea na kazi yake.

Akawasha mashine ya kwanza. Msingi ukachimbwa, mchanga ukaja, wanawake wakapita na mawe, na ukumbini kila mmoja akawa anamtafuta shoga yake kwenye pazia. Tabia akafungua mkebe wa sehemu ya mwisho, ulioletwa kutoka Vuga mchana ule. Kwa mazoea, akaipeleka filamu mdomoni.

Ilikuwa na ladha ya chokaa na popoo.

Alitema papo hapo, akajifuta midomo kwa kanga, akatema tena. Mate ya yule mtu yalikuwa mdomoni mwake. Akaifunua filamu haraka kwenye gurudumu la kukunjia mpaka akaufikia mwisho wake, na huko akakuta kiungo asichokijua. Gundi imemwagika pande zote, kona zimechomoza, na katikati ya picha pamebaki alama ya kidole chekundu. Kilikuwa kiungo cha kwanza cha Bwana Kificho maishani mwake. Majina yote saba yameondolewa, na baada ya kiungo lilikuwapo moja tu. Imekatwa na Kificho Machano.

Kificho alikuwa ameufungua mkebe akalikuta jina lake halimo kwenye filamu, limewekwa pembeni kwa heshima. Hata mvivu kama yeye angejua.

Mashine ya kwanza ilikuwa imebakisha dakika nne. Tabia akaunyakua wembe, akakikata kile kipande, akakiacha kianguke chini. Sasa mwisho wa filamu ulikuwa mtupu. Majina waliyoyakwangua wanawake sita tangu adhuhuri mpaka magharibi pengine yalikuwa jaani huko Vuga, safari hii kweli.

Ndipo mkono wake ukagusa pindo la kanga.

Kipande cha mama yake kilikuwamo. Picha arubaini na nane, Tabia Jaku, Tabia Jaku, Tabia Jaku. Kinatosha. Ukumbi mzima ungelisoma jina lake, na kesho mji mzima, na hao wakubwa wa meneja wangelisikia. Akakwangua upande wa dawa. Akatia gundi kwenye kidole, tayari kuipaka.

Akamkumbuka Shaame na baiskeli yake. Ngoma iliyokuwa karibu kuonekana kwenye pazia aliikata Shaame, kila picha. Jina moja juu ya kazi ya watu saba lilikwisha kuwapo kwenye filamu hii, naye ametoka kulikata sasa hivi na mate yake bado yanamkereketa. Akiweka lake peke yake atakuwa Kificho aliyevaa kanga. Safari hii alijichukia mwenyewe kwa kufikiri tu.

Akakirudisha kipande kwenye pindo. Akaunga filamu nyeusi tupu, akakata kona zote nne, akaikunja upya na kuipachika kwenye mashine ya pili sekunde chache kabla ya ya kwanza kumalizika.

Rangi ikapakwa, magodoro yakahamia, ngoma ikachezwa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuta zikaitikia. Halafu pazia likawa jeusi.

Bi Mwanamkasi alikuwa ameshasimama, bangili juu, anangoja jina la mumewe. Giza likaendelea. Wageni wake wakaanza kumtazama.

Tabia akafungua kidirisha. Siku nyengine zote sauti ya mwanamke haitoki katika chumba kile. Leo ilikuwa zanana.

"Mabibi, shikamooni," akasema, na ukumbi ukanyamaza, maana hakuna aliyewahi kuamkiwa na chumba cha mashine. "Filamu mliyoiona wamekata watu saba. Waliitwa intavyuu mara tatu, wakapewa nambari, wakaambiwa kazi yao imetupwa jaani. Majina yao walishonewa na washona kofia wa Kikwajuni, kisha yakakatwa. Kwa hivyo nnakusomeeni mimi."

Akasoma bila ya karatasi. Borafya Haji wa Mangapwani. Shaame Bakar wa Uroa. Mwalim Khatibu. Matar Simai. Biasha Ame. Sichana Vuai. Kila jina likipata mwenye kulijua chini, na kila anayelijua akaitikia. Mama mmoja upande wa kushoto alipolisikia la mwanawe alikaa kitako akalia.

"Nambari tano nimemweka mwisho makusudi," akasema Tabia. "Nambari tano ni mie, Tabia Jaku."

"Mwongo huyo!"

Sauti ilitoka mstari wa nyuma, karibu na mlango, na ilikuwa sauti nzito. Kila aliyekuwamo ukumbini aliisikia, na hakuna aliyeweza kujidanganya kwamba ni ya mwanamke.

Mwenye kukata tiketi akawasha taa. Yule mnene aliyejifunika uso alikuwa amesimama, na buibui halikumfika miguuni. Viatu vilikuwa vya kiume, vyeusi, vya kamba. Mbele ya viatu, sakafuni, palikuwa na doa jekundu, bichi.

Bi Mwanamkasi aligeuka polepole. Ile sauti alikuwa ameisikia kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, na lile buibui lake mwenyewe, lenye ushanga mwekundu begani, alikuwa akilitafuta tangu jana. Alianza kuzivua bangili zake moja baada ya moja, akamkabidhi aliyekaa karibu naye.

Wanawake wawili waliokuwa mlangoni wakaufunga mlango, wakatia komeo.